Baba Mkwe Kwenye Inchi Hamsini

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama kituo cha mabasi hapa Mkiwa, shati limelowa jasho, namsubiri mke wangu ashuke. Alishuka. Ila hakushuka peke yake.

Kwa wale mnaonikuta njiani leo, naitwa Hosea, nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara, na balaa langu lilianza siku nilipoingiza televisheni mpya ndani ya nyumba. Inchi hamsini, nyembamba, HD. Niliomba ruhusa kwa mama yangu, nikauza mbuzi wake, wale weusi wenye soksi nyeupe mguu wa nyuma, nikaenda Singida mjini, nikarudi na boksi ambalo lilibidi liingie mlangoni kwa ubavu. TV la zamani, lile la chogo, lenye mgongo mnene nyuma, nikampa rafiki yangu Sultani, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale njiapanda.

Kumbuka sasa: chogo lile tulipewa na marehemu baba mkwe, Mzee Leonidas, siku ya harusi yetu. Mke wangu Janeth alirudi kutoka shambani akaona ukutani kuna kitu kipya na mezani hakuna kitu. Akauliza, "La Baba liko wapi?" Nami kwa furaha yangu ya inchi hamsini nikajibu kwamba takataka imepata mwenyewe.

Kesho yake alikuwa kwao Kiomboi.

Mengine mliyasoma: simu zisizopokelewa, ugali niliopika ukawa uji, na yule shemeji aliyenitukana kwa ujumbe wa sauti mpaka salio lake likaisha. Mpaka juzi Janeth akapiga mwenyewe, akasema nimsubiri kituoni.

Basi akashuka Janeth, na nyuma yake akashuka mama mkwe.

Kwetu sisi mkwe ni mkwe. Mwanaume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake, hali naye, hamtazami usoni. Nilirudi nyuma hatua chache nikajificha nyuma ya muuza mayai ya kuchemsha, ndoo yake kichwani, na hapo ndipo nilipotolea salamu.

"Shikamoo mama," nilisema nikiyatazama mayai.

"Marahaba baba," alijibu akilitazama basi. "Wa nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo mama."

Muuza mayai akatutazama wote wawili, akaona hapa hakuna biashara, akasogea. Ikabidi nisogee naye.

Janeth akanifuata huko huko, uso umekaza.

"Mama amekuja kumwona Baba," alisema. "Akimwona vizuri kama miaka yote, nabaki. Asipomwona, kesho asubuhi tunapanda basi wote wawili, na safari hii naondoka na masufuria."

Lazima niwaeleze. Mzee Leonidas hakupenda kupigwa picha. Picha pekee ambamo anatembea, anasema na kucheka ni ile ya mkanda wa harusi yetu, ambao baadaye tuliuhamishia kwenye CD. Tangu alipofariki, kila mwaka baada ya mavuno mama mkwe hutoka Kiomboi, hukaa kwenye kochi letu, humtazama mumewe, hulia kidogo, hunywa chai, na kurudi. Ndiyo hija yake.

Nami nilipokuwa nanunua ile TV, naapa, hilo lilikuwemo kichwani. Nilijiambia mama mkwe akija mwaka huu atashangaa.

"Mke wangu," nilimwambia Janeth, "mwaka huu mama atamwona Mzee mkubwa kuliko alivyokuwa hai."

Laiti muuza mayai angeniziba mdomo kwa yai.

*

Nyumbani tulimkuta mama yangu uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua choroko. Ungo ulikuwa juu ya kitenge chake chakavu cha kijani alichotandika chini.

Mama yangu na mama mkwe husalimiana kama watu waliokutana polisi. Chanzo ni mbuzi. Siku ya harusi yetu kule Kiomboi, upande wetu ulipeleka mahari yote, na juu yake mbuzi wa mama, yule ambaye hupewa mama wa binti kwa kazi ya kumbeba mgongoni. Akafungwa kwenye kigingi kando ya ua, watu wote wakamwona. Jioni kigingi kipo, mbuzi hayupo.

Mama mkwe hakuwahi kumtaja mtu. Husema tu kwamba mbuzi wake alirudi alikotoka. Na kwa kuwa siku ile mama yangu aliondoka mapema akilalamika kichwa, kila mtu alijua jiwe linarushwa kwa nani. Mimi miaka yote nimemtetea mama yangu kwa nguvu, hata nimewahi kususa pilau Kiomboi kwa ajili yake. Mwenyewe habari hiyo ikiguswa hajibu. Hukumbuka kuku wake, akainuka kwenda kuwaangalia.

"Karibu mama Janeth," alisema mama yangu bila kuinua macho kwenye choroko.

"Asante mama Hosea," alisema mama mkwe bila kugeuza shingo, akaingia ndani.

Mimi nilikwisha kutegesha kila kitu. Deki la zamani nilikuwa nimelifuta vumbi, nikachomeka waya zake tatu, wa njano, mweupe na mwekundu, nyuma ya TV. CD ilikuwa ndani tayari. Janeth alitakiwa kubonyeza tu. Nami nikaenda zangu uani, nikasimama chini ya dirisha la sebule, mahali ambapo kioo cha TV nakiona na mama mkwe simwoni. Pazia lilikuwa katikati yetu, na heshima ilikuwa imelindwa.

Muziki ukaanza. Kwaya ikatokea.

Wanakwaya wote walikuwa wamenenepa. Wembamba walikuwa wanene, na wanene walikuwa hawaishi ukutani. Nyuso zao zilikuwa viraka viraka, jicho limeungana na shavu, shavu limeungana na la jirani. Kisha nikatokea mimi, bwana harusi, nikiwa na uso wa mtu aliyetoka kurina asali Itigi bila moshi.

Nikajisemea, hapo bado, ikifika kwa Mzee itakaa sawa.

Ikafika kwa Mzee. Nilijua ni yeye kwa sababu ya kofia. Chini ya kofia kulikuwa na ukungu.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, ya taratibu.

"Janeth, huyu ni nani aliyevaa kofia ya baba yako?"

"Ndiye Baba, Mama."

"Mwambie mumeo, nimetoka Kiomboi kumwona Leonidas. Sikutoka Kiomboi kuja kuangalia uji."

Alijua nipo dirishani, nami nilijua kwamba anajua. Lakini mkwe ni mkwe, maneno lazima yapitie kwa Janeth, hata kama pua yangu iko kwenye pazia.

"Janeth," nilisema, "mwambie mama hiyo ndiyo HD."

"Mwambie mumeo, kama hiyo ndiyo HD, basi wenye machogo walikuwa matajiri na hawakujua."

"Mwambie mama, TV haina kosa. Mkanda ndio wa zamani. Picha ni ndogo, sasa kwenye kioo kikubwa inavutwa kama chapati, ndiyo maana inatoboka."

"Mwambie mumeo asimsingizie mume wangu. Mwaka jana alikuwa mzima."

Mama yangu, pale kwenye kigoda, akacheka ndani kwa ndani. Nikamkata jicho. Akarudi kwenye choroko.

"Basi Janeth, shika rimoti," nilisema, "tafuta mahali pa kupunguza ukubwa."

"Mimi hapa ni mgeni," alijibu Janeth. "Mgeni hashiki rimoti ya watu."

Hapo nikaelewa nimekwama. Mimi ndiye ninayeijua ile rimoti, na mimi ndiye nisiyeweza kuingia. Mama mkwe yumo ndani, bila shaka amevua viatu, amenyoosha miguu kwenye mkeka. Bora niingie kwenye mzinga wa nyuki.

"Wasubiri kidogo," nilimwambia mama yangu. "Narudi na chogo."

*

Njiapanda nilifika nikihema. Sultani alikuwa amekaa nje ya duka lake anapiga viraka tairi la baiskeli.

"Sultani, naomba lile TV. Niazime jioni moja tu, kesho nakurudishia."

"Lipi?"

"La chogo. La baba mkwe."

Akafuta mikono kwenye suruali, polepole mno kwa mtu mwenye habari nzuri. Akanipeleka nyuma ya duka.

Chogo lilikuwepo. Boksi lile lile, na hata kibandiko cha ua rose ambacho Janeth alikibandika pembeni kilikuwepo. Mbele hapakuwa na kioo. Ndani palikuwa na nyasi kavu, na juu ya nyasi alikuwa amekaa kuku jike mwekundu, ananitazama kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Lilizima wiki ile ile uliyonipa," alisema Sultani. "Wa vyuma chakavu wakapita, nikawapa matumbo yake. Boksi nikaona si la kutupa."

"Toa huyo kuku."

"Anaatamia. Nimpeleke wapi na mayai?"

"Sultani, ndoa yangu imo humo ndani."

"Ndugu yangu, humo ndani mna vifaranga tu." Nikamweleza habari ya picha iliyovutwa na rimoti. Akanionea huruma, akanishika bega. "Wewe ingia sebuleni, bonyeza rimoti, toka. Dakika moja."

"Mama mkwe yumo."

"Basi jifunike shuka."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja tu, nalo si TV. Nilikuwa nawaza zile wiki nilizokaa peke yangu. Nyumba bila Janeth haina kelele, hakuna anayeniambia nimeacha mlango wazi, hakuna anayenikuta nimekula sukari kwa kijiko. Nilizoea kusema kelele zile zinanichosha. Uongo. Kelele zile ndizo zilizokuwa nyumba, mabati na matofali yalikuwa yanazisitiri tu zisinyeshewe.

Nilipofika chini ya dirisha nilisikia mkoba unafungwa zipu.

"Janeth," niliita.

"Umepata chogo?"

"Kuku anaatamia humo."

Nikaona sasa nimefika mwisho wa ujanja, nikasema tu kilichokuwemo moyoni.

"Mwambie mama anisamehe. Na wewe unisamehe lile neno la takataka. Mimi nilidhani nikimkuza Mzee, mama atafurahi. Kwenye chogo alikuwa mdogo, anatokea kama mtu aliye mbali. Nilitaka mama amwone karibu. Basi, ni hivyo tu, sikuwa na lingine."

Mama yangu akaacha kuchambua choroko.

Kisha mama mkwe akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Mwambie mumeo, Leonidas hakuwa mkubwa. Alikuwa mfupi, na alinitosha." Akapiga chafya au akalia, sikujua. "Lete hiyo rimoti hapa."

"Mama, hujui kuitumia."

"Redio niliijua? Simu niliijua? Lete."

Ndugu msomaji, alichofanya mama mkwe na ile rimoti hakimo kwenye kitabu cha maelekezo. Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Sauti ikapanda mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Picha ikawa ya bluu, ikawa ya kijani. Maandishi yakageuka Kiarabu, yakageuka kitu kingine ambacho si Kiarabu. Mimi nje nimeshika kichwa, naona zizi la mama yangu linavyoteketea kwa kidole cha mtu mmoja.

Halafu akabonyeza kitufe fulani, na picha ikajikusanya katikati. Pembeni kukabaki weusi, huku na huku. Watu wakakonda. Macho yakarudi mahali pake, meno yakaonekana, na mashavu yangu ya nyuki yakapona. Palepale akapita Mzee Leonidas, mfupi, kofia imekaa upande, pengo lake mbele, anacheka na mtu.

"Huyo," alisema mama mkwe. "Huyo ndiye."

Nikasikia analia, na safari hii sikuwa na shaka. Nami nikajikuta natabasamu na machozi yananitoka, nikageukia ukutani ili mama yangu asinione.

Pazia likasogea. Janeth akatoa kichwa dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umelegea.

"Jioni mnataka nipike nini?" aliuliza.

Hakusema ananisamehe. Janeth hasemi hivyo, yeye huuliza chakula. Nilisema chochote, hata choroko. Akasema vizuri, na nisisahau kufunga geti, maana analiona liko wazi.

*

Hapo misukosuko yangu ingeisha, na mhariri angetafuta mtu mwingine wa kujaza ukurasa huu.

Lakini mimi sikujua, na nani angenieleza, kwamba lile chogo miaka yote lilikuwa linakula kingo za picha. Kioo chake kilikuwa cha mviringo, kimeingia ndani ya boksi lake, na kila pembeni lilimeza kipande. Mama mkwe kwa kubonyeza kwake aliifungua picha nzima. Upande wa kushoto kulikuwa na ukanda mwembamba ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona tangu harusi ifungwe.

Tulifika mahali ambapo watu wanacheza uani. Mkanda huu naujua kwa moyo. Hapo Mzee Leonidas huwa anatembea kwenda kushoto, anatoka kwenye picha, na mama mkwe kila mwaka husema, "Kaenda kuangalia chakula."

"Kaenda kuangalia chakula," alisema mama mkwe.

Mzee hakutoka kwenye picha. Alitembea mpaka kando ya ua, akatazama kulia na kushoto, akainama kwenye kigingi, akamfungua mbuzi mweusi.

Palikuwa na mwanamke amesimama nje ya ua. Mzee akampa kamba. Mwanamke yule akarudi nyuma, akakataa kwa mikono, Mzee akamkunjia vidole kwenye kamba. Mwanamke akapiga goti, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Mzee akaweka kidole mdomoni, nyamaza, akamwonyesha njia.

Kitenge kilikuwa cha kijani.

Nikatazama chini. Kitenge kile kile, sasa chakavu, kilikuwa chini ya ungo wa choroko, na mama yangu alikuwa tayari amesimama juu yake, shingo ameirefusha kuelekea dirishani.

"Naenda kuangalia kuku," alisema.

"Mama."

"Hawajapata maji tangu asubuhi."

Nikakumbuka zizi letu lilivyokuwa siku ile. Mahari yangu ilikuwa imelifagia, hakubaki hata mbuzi mmoja, na mama yangu ni mjane. Nikakumbuka siku chache baada ya harusi nilipomkuta na mbuzi jike mweusi, huyo aliyekuja kuzaa zizi lote, akaniambia amempata mnadani. Sikuuliza kwa hela gani. Nilikuwa bwana harusi, nilikuwa nauliza mambo mengine.

Ndani, mama mkwe alisema, "Rudisha nyuma."

Janeth akarudisha. Mzee akamfungua mbuzi tena. Akarudisha mara nyingine. Mzee wa watu, marehemu, akawa anamfungua mbuzi yule yule na kumpa mwanamke yule yule, na kila mara anaweka kidole mdomoni.

"Simamisha hapo."

Picha ikasimama. Haikuwa safi sana, lakini kwa kilichotakiwa ilitosha. Mbuzi alikuwa ameinua mguu wa nyuma, na mguu ule ulikuwa na soksi nyeupe.

"Hosea," aliita mama mkwe.

Hakusema mwambie mumeo. Tangu nimwoe binti yake, jina langu lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake.

"Naam mama."

"Ingia ndani."

"Mama, mimi ni mkwe wako."

"Najua wewe ni nani. Ingia. Na mama yako aliye hapo asiende kwa kuku, aingie naye."

Tuliingia. Mimi macho nimeyabandika sakafuni, naona miguu yake tu, na karibu yake miguu ya Janeth. Mama yangu alisimama nyuma yangu, kitenge amekikunja mikononi, hajui akifiche wapi. Mguu mmoja wa Janeth ulikuwa unagongagonga mkeka, na huo ugongaji naujua.

"Janeth aliniambia hili TV lilinunuliwa kwa mbuzi," alisema mama mkwe. "Sasa mimi nauliza tu, baba. Hao mbuzi uliouza, walikuwa na rangi gani?"

Nikamgeukia mama yangu anisaidie. Mama yangu hakunitazama. Alikuwa anatazama ukutani, kwa Mzee Leonidas, aliyekuwa bado amesimama pale na kidole mdomoni.